Kabla hamjapanda wote: kilo za kitanda cha tela

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alisimamisha gari karakanani kwangu hapa Uyole, Mbeya, nyuma kavuta tela la kambi lenye namba za Afrika Kusini. "Fundi, shikamoo. Kitanda kimelia usiku kucha." Walikuwa wameingilia Tunduma, wanateremka Tukuyu hadi Kyela kuliona ziwa. Tela lenyewe ni la ile aina yenye kuta ngumu kama nyumba, ila ukuta wa nyuma unafunguka na kulala nje kama meza, juu yake hema la turubai. Hapo hulala baba, mama na binti yao.

Nikaingia chini ya kitanda na tochi. Tundu la boliti inayoshika mkono wa kushoto, yaani chuma kinachokiegemeza kitanda, halikuwa duara tena. Lilikuwa limevutika kama punje ya haragwe, na pembeni yake pametapakaa unga mweusi wa aluminiamu iliyosagika. Nikauliza kitanda kinabeba kilo ngapi. Baba akajibu, "Watu watatu." Jibu hilo nalisikia kila msimu, na ndilo linalovunja vitanda.

Basi anza na stika inayosema kitanda kinabeba kilo ngapi. Mara nyingi imebandikwa ndani ya kabati, kwenye fremu ya mlango au chini ya ubao wa kitanda chenyewe. Ukiikosa, fungua kitabu cha tela. Matela ya Marekani huandikwa kwa paundi, kwa hiyo gawanya kwa 2.2 upate kilo. Angalia usije ukachukua namba ya uzito wa tela zima. Ile inahusu ekseli na matairi, haina habari na kitanda.

Stika ya wale wageni ilisema kilo 220. Tukakaa kwenye benchi tukapiga hesabu: baba 92, mama 74, binti 21, jumla 187. Godoro 14. Mablanketi ya kuhimili baridi ya Uyole, 7. Begi la nguo lililokuwa likilala miguuni mwao, 18. Jumla 226. Begi lile tu ndilo lililowapitisha zile kilo 220. Kama kitabu hakisemi godoro limo ndani ya namba au halimo, wewe lihesabu.

Hata ukiwa chini ya namba hujamaliza, maana ile kilo 220 ni ya watu waliolala wametulia, uzito umetandazwa. Chukua mkungu wa ndizi uukumbatie kifuani, kisha ujaribu kuushika mkono ukiwa umenyooka. Ndizi ni zile zile, bega ndilo linajua tofauti. Bawaba za kitanda ndilo bega. Mtu wa kilo 60 aliyekaa sentimita 30 kutoka kwenye bawaba, akihamia ukingoni umbali wa mita moja na nusu, bawaba na mikono vinavutwa mara tano. Kwa hiyo mzito alale upande wa ndani, mwepesi alale nje. Panda kwa kutanguliza goti ukitokea ndani ya tela, usikae ukingoni kuvaa viatu. Na watoto wasiruke humo kabisa. Anayetua kwa kishindo anasukuma kuliko kilo zake.

Kabla ya safari ndefu mimi hupima kwa madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na kidogo za dumu lenyewe, basi kwa kitanda cha 220 madumu kumi yanatosha. Shusha miguu ya tela kwanza. Pima kwa futi kutoka ardhini hadi pembe mbili za ukingo, uandike. Tandika ubao, panga madumu kuanzia kwenye bawaba ukienda nje, sawasawa kushoto na kulia, na mtu yeyote asiwe chini. Ngoja nusu saa, pima, toa madumu, pima tena. Kushuka kidogo chini ya mzigo ni kawaida. Pembe moja ikishuka kuliko mwenzake, au ukingo ukikataa kurudi ulipokuwa, usilalie kitanda hicho mpaka umeona kilicholegea.

Na huku kwetu mvua inanyesha kuanzia Novemba hadi Mei. Maji yakipenya kwenye mpira wa kuzibia, plaiwudi inaoza kuanzia kwenye skrubu za bawaba. Bonyeza hapo kwa bisibisi. Ikizama, stika imekuwa karatasi tu.

Wateja huniomba, "Fundi, niongezee bomba kibebe zaidi." Nakataa, na nitaendelea kukataa hata mtu akiweka hela mezani. Nikiimarisha mkono, mzigo unahamia kwenye bawaba. Nikiimarisha bawaba, unahamia ukutani, na ukuta wa matela mengi ni faibaglasi na povu juu ya fremu nyembamba. Naweza kurudisha kitanda kwenye nguvu yake ya mwanzo. Kilo za juu ya hapo hakuna anayezipata kwa kuchomelea. Kwa wale wageni nilibadilisha kipande kile cha mkono na boliti yake, begi likahamia chini ya meza, binti akapewa kiti cha ndani kinachogeuka kitanda.

Ukifika kambini fuata mpangilio huu: choki (vizuizi) kwenye matairi, pimamaji juu ya sakafu, miguu ya tela chini, ndipo ufungue kitanda. Ukifungua kabla ya miguu, uzito wa nyuma unaweza kuinua ulimi wa tela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari. Kama mikono ya kitanda inashika chasisi, usiongeze gogo chini ya ukingo: tela likititia kidogo usiku, gogo litasukuma kitanda juu. Kama kimetengenezwa na nguzo za kusimama ardhini, weka kipande cha ubao chini ya kila nguzo. Udongo wa huku, hasa kuelekea Rungwe, ni wa volkano, mwepesi, na ukilowa unameza nguzo. Mvua ikinyesha usiku, mmoja ashuke na tochi akaangalia mbao hizo, wengine wakiwa wameshuka kitandani.