Anzia Mkononi: Namna ya Kuzungumza na Msanii Kuhusu Kazi Yake

Kuna swali moja nimeacha kabisa kuwauliza wasanii: "Huwa unapata wapi mawazo yako?" Nilipoanza kufanya mahojiano niliwauliza wachoraji, mafundi cherehani, wapiga gitaa, na karibu wote walinijibu vilevile: yanakuja tu, ni kipaji, namshukuru Mungu. Hawakuwa wakinificha kitu. Swali lenyewe ndilo lilikuwa pana mno, na mtu akiulizwa kwa jumla hujibu kwa jumla.

Siku hizi naanzia mkononi. Nikifika, kabla ya yote, naangalia kifaa kilicho karibu zaidi na mkono wake, kile kilichochakaa kuliko vyote. Naomba ruhusa ya kukishika. Ruhusa usiiache, kuna mafundi ambao patasi yao haiguswi na mtu mwingine hata kwa utani.

Mama mmoja mfinyanzi nilimkuta mbele ya gurudumu lake, na kwenye kopo la maji pembeni palikuwa na kijiwaya chembamba kimesimama.

"Mama, na hiki ni nini?"

"Spoku ya baiskeli, mwanangu."

Akaichomoa, akaifuta kwa kidole gumba mpaka nchani. Ncha alikuwa ameipiga nyundo ikawa bapa. "Zile sindano za kununua ni ngumu. Ikikuta punje ya mchanga, inararua ukingo wote. Hii inapinda." Akazungusha gurudumu, akaigusisha kwenye mdomo wa chungu uliokuwa umepanda upande mmoja, na utepe wa udongo ukajitenga mzimamzima kama ganda la chungwa. Kutoka kwenye spoku hiyo tukafika kwa shangazi yake aliyemfundisha, kwa vyungu vilivyompasukia tanuruni, na kwa mwaka aliokaribia kuiacha kazi. Sikuuliza hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo maswali yako yafunge kwenye kitu kinachoonekana. Kifaa gani kikipotea leo, kazi inasimama? Kabla yake ulitumia nini? Kipi ulikinunua ukakijutia? Katika kazi hii iliyo mbele yetu, wapi ulifuta ukaanza upya? Swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamrudisha mtu kwenye uamuzi alioufanya, na kwenye uamuzi ndiko ubunifu ulipo.

Lakini huwezi kuuliza hivyo kama hujaziona kazi zake. Mwaka 1962 mwongozaji filamu wa Ufaransa, François Truffaut, alikaa takribani wiki nzima na Alfred Hitchcock, mkalimani akiwa kati yao, wakazipitia filamu za mzee huyo moja baada ya nyingine, tangu zile zisizo na sauti alizozifanya Uingereza. Wewe huenda utapewa saa moja tu. Chagua basi kazi tatu: ya zamani, ya sasa, na moja ambayo watu hawaizungumzii.

Kuhusu kurekodi nitasema machache. Maiki ikae kama shibiri moja kutoka kinywani. Zima redio na feni kama inawezekana. Ukitumia simu, zima laini, maana simu ikiingia rekodi inaweza kukatika. Vinasa sauti vingi, ukibonyeza kitufe chekundu mara ya kwanza vinasubiri tu, na huanza kurekodi ukibonyeza mara ya pili. Niliwahi kupoteza mazungumzo mazima na mchongaji mmoja kwa sababu hiyo, na bado yananiuma, kwani aliyonieleza siku ile hayakurudi vilevile. Tazama namba za muda. Zikitembea, endelea.

Akimaliza kujibu, usirukie swali linalofuata. Hesabu moyoni mpaka tano. Mpiga gitaa mmoja aliniambia, "Gitaa hili nimelizoea tu." Nikanyamaza. Akaligeuza, akanionyesha ufa mgongoni uliozibwa kwa gundi. "Nimeshaliuza mara mbili," akasema taratibu. "Mara zote mbili nimelinunua tena, kwa bei kubwa kuliko niliyouzia." Kama ningeharakisha, ningeondoka na lile neno "nimelizoea".

Maneno ya kazi yake yaandike jinsi anavyoyatamka, hata kama unajua neno la kitabuni. Usilolielewa, uliza palepale. Mafundi hufurahi kuulizwa. Wanajua kwamba hayo ndiyo maneno waliyorithishwa pamoja na kazi.

Na kinasa usikizime mpaka mmeagana mlangoni. Mapenzi ya mtu kwa kazi yake mara nyingi hutoka pale anapodhani mahojiano yameisha, akikuonyesha kitu alichokificha nyuma ya kabati. Ila mwambie wazi kwamba bado unarekodi, na akisema hiki kisitoke, kisitoke.

Saa moja ya mazungumzo hunichukua kama saa nne kuiandika. Nikimaliza humrudishia mwenyewe asome, au namsomea. Yule mama nilimsomea sehemu ya udongo, mahali nilipoandika kwamba huukanda mpaka ulainike. Akanikatiza. "Ulainike? Ukilainika hausimami. Naukanda mpaka uache kupumua." Alimaanisha mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya udongo. Nikafuta neno langu, nikaweka lake.