Kabla ya kupasuliwa kwa matundu: ushauri wa muuguzi kwa mwenye endometriosisi

Dada yangu, endometriosisi ni vidonda vya nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba, ila vimeota nje yake. Kabla hujasaini fomu ya upasuaji, muulize daktari: vidonda hivyo utavikata au utavichoma? Kuchoma kunafaa kwa vidonda vya juu juu. Vilivyozama vikichomwa tu, mzizi unabaki na maumivu nayo. Kukata huviondoa vizima, na kinyama kinapelekwa maabara. Kama una uvimbe wa chokoleti (mfuko wa damu nzito ya zamani unaoletwa na ugonjwa huu) kwenye ovari na bado unataka watoto, liseme mapema, kwa sababu kuutoa kunaweza kupunguza akiba ya mayai.

Nenda na daftari. Andika maumivu yanakuja siku gani, na kama yanazidi ukienda haja kubwa au kwenye tendo la ndoa. Hayo humwonyesha daktari pa kutazama, kwani ultrasaundi inaweza kuwa safi na ugonjwa upo. Usikubali kuambiwa ni chango tu, utazoea. Hilo huniuma sana ninapolisikia wodini.

Siku yenyewe utapewa nusu kaputi, usijue kitu. Tundu la kamera hupita kitovuni, mengine mawili au matatu ya milimita 5 hivi chini yake, na tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili viungo vionekane.

Gesi hiyo ndiyo inayowatisha wagonjwa wangu. Mtu anaamka analia: nimepasuliwa tumbo, mbona bega la kulia linauma? Gesi iliyobaki inasumbua kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, na mshipa wake wa fahamu unatoka shingoni pamoja na wa bega. Huisha ndani ya siku chache. Inuka, tembea polepole koridoni, meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Vaa dera, usivae suruali yenye mkanda. Na shangazi akitaka kukufunga tumbo kwa khanga, mkatalie kwa heshima.

Homa, tumbo linalozidi kuvimba na kuuma, kutapika mfululizo au mkojo kugoma: rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Upasuaji hauzuii ugonjwa kurudi. Kama hutafuti mimba kwa sasa, usitoke wodini bila kuuliza dawa ya kuutuliza: dienogesti ya miligramu 2 kila siku, au kitanzi chenye homoni, ambacho kinaweza hata kuwekwa ukiwa bado umelala mezani, mkikubaliana mapema.