Kupiga picha za nebula kutoka Mombasa kwa darubini ndogo ya kubeba

Miongozo mingi ya kupiga picha za nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na karibu yote inaanza na agizo moja: elekeza mhimili wa darubini kwenye Nyota ya Kaskazini. Sisi wa Mombasa tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ya anga, ile sehemu ambayo nyota huonekana kuizunguka, tunayo, lakini imeinuka nyuzi 4 tu juu ya upeo, ndani ya utusitusi wa baharini, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwa mtu aliye jangwani. Ukiifuata miongozo hiyo neno kwa neno, usiku utaishia kwenye skrubu.

Ikweta imetunyima ncha, lakini imetupa anga la pande zote mbili, kaskazini na kusini, na imetupa njia ya mashariki hadi magharibi ambayo darubini ndogo isiyo na mhimili wa ikweta (mhimili uliolazwa sambamba na ule wa dunia) huifuata vizuri kuliko inavyofanya kwingine kokote duniani. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo.

Vifaa

Natumia Seestar S50 ya kampuni ya ZWO: lenzi ya milimita 50, fokasi ya milimita 250, uzito wa kilo 2.5, kamera na filta zimo ndani, na inaendeshwa kwa simu. Inaingia kwenye mkoba wa mgongoni na unapanda nayo matatu bila kusumbua mtu. Darubini nyingine za aina hii zinafuata taratibu zilezile. Ongeza pawabanki, tochi nyekundu, kitambaa safi cha lenzi, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya stendi mchangani.

Siku hizi darubini hizi zinaweza kuinamishwa ili zifuate nyota kwa mhimili wa ikweta. Kwa nyuzi 4 maana yake ni kuilaza karibu ubavu. Sishauri. Uzito unatoka nje ya stendi, na upepo wa kusi ukipiga mara moja tu darubini iko chini. Mwenye kamera na kifaa cha kufuatilia nyota hana budi kutafuta ncha. Huyo atumie programu ya N.I.N.A., ambayo ina njia ya kupima pointi tatu popote angani bila kuiona ncha yenyewe. Kabla ya kununua, ahakikishe kwamba kifaa chake kinaweza kushuka hadi nyuzi 4, kwa sababu vingi havifiki huko.

Hatua ya 1: Chagua usiku

Fungua kalenda ya Kiislamu. Kuanzia tarehe 22 ya mwezi hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata, sehemu kubwa ya saa za mapema za usiku ni giza. Siku nyingine lala.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi, hasa Januari na Februari, ndio wakati wetu bora: mvua ni chache na upepo ni wa wastani. Masika funga darubini, lakini usiache kuchungulia, maana baada ya mvua kubwa vumbi linaoshwa na mawingu yakifunguka anga huwa safi ajabu. Wakati wa kusi tafuta kikingio, ukuta au boma la mikoko, kwa sababu upepo ukitikisa darubini nyota zinakuwa vijistari.

Hatua ya 2: Chagua mahali kwa kuangalia unachokipiga

Watu huniuliza, "Wapi kuna giza?" Mimi huuliza kwanza wanapiga nini. Taa za mji zina upande. Ukitaka vitu vya kusini kama nebula ya Carina, nenda kusini, Tiwi au zaidi kuelekea Msambweni, ili mwanga wa kisiwa na Likoni ubaki mgongoni. Ukitaka vya kaskazini, galaksi ya Andromeda au Kilimia kile wazee walichokitazama kujua majira ya kulima, nenda Kikambala au Vipingo, mji ubaki kusini yako. Mashariki tumebarikiwa sote: ni bahari tupu, hata ukiwa Nyali.

Ufukweni kuna jambo ambalo miongozo ya watu wa bara haiwezi kukwambia. Usiku wa giza nene ni mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua. Maji ya bamvua hapa kwetu hujaa alasiri na alfajiri, na hupwa kama saa nne usiku. Kwa hiyo ukifika baada ya magharibi maji yanateremka na ufuo unazidi kupanuka mbele ya macho yako. Mzee mmoja mvuvi kule Tiwi, baada ya kunijibu marahaba, alinionyesha kwa kidole: "Mwanangu, usitazame maji yalipo sasa. Tazama mwani ulipolala, yatarudi pale pale." Weka stendi juu ya mstari huo wa mwani mkavu, si chini yake.

Omba ruhusa kwa mlinzi au mwenye kiwanja kabla giza halijaingia, na usiende peke yako.

Hatua ya 3: Zuia unyevu kabla haujaingia

Darubini iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ukiitoa nje moja kwa moja, lenzi inafunikwa na ukungu ndani ya sekunde chache, na ukifuta unarudi. Itoe chumbani saa moja kabla, ikiwa ndani ya mkoba wake uliofungwa, ipate joto polepole. Ukifika washa hita ya umande mapema. Ipo kwenye menyu ya programu, na huku kwetu haizimwi usiku kucha.

Ukirudi nyumbani, futa mwili wa darubini kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo ya chumvi ili kuondoa chumvi ya bahari, iache ikauke, kisha ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana pamoja na pakiti za silika jeli. Usiiache kwenye mkoba wa kitambaa. Kuvu ya lenzi huanza kama nyuzi nyembamba za buibui pembezoni mwa kioo, na ikishika inakula rangi ya kinga ambayo hairudi.

Hatua ya 4: Simamisha darubini

Giza kwetu linaingia haraka kwa sababu jua linazama wima. Dakika 70 hivi baada ya jua kuchwa, anga ni nyeusi kamili. Kwa hiyo uwe umesimamisha kila kitu kabla ya saa mbili usiku.

Kanyagia ubao mchangani, weka stendi, sawazisha hadi programu ikubali. Rekebisha dira mbali na gari na mabati. Iache darubini ijitafutie nyota na kufokasi yenyewe. Rudia fokasi baada ya saa moja au mbili.

Kisha fungua mipangilio na uwashe chaguo la kuhifadhi kila fremu, yaani kila picha fupi, moja moja. Bila hilo utapata picha iliyokwisha kurundikwa tu, yaani fremu zote zimeunganishwa kuwa moja, na hutakuwa na fremu za kurundika mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 5: Chagua upande wa anga

Hapa ndipo penye siri ya mahali petu, kwa hiyo nisome taratibu.

Darubini isiyo na mhimili wa ikweta hufuata nyota kwa kupanda juu na kugeuka pembeni. Nyota inabaki katikati, lakini picha nzima inazunguka taratibu kuizunguka nyota hiyo. Kasi ya mzunguko inategemea kitu kiko upande gani na kimeinuka kiasi gani. Kwenye ikweta, kitu kilicho kusini kamili au kaskazini kamili huzungusha picha kwa kasi kubwa kabisa, na kilicho mashariki au magharibi kamili karibu hakizungushi kitu.

Chukua nebula ya Orioni, M42. Kwa mtu wa Mombasa inachomoza karibu mashariki kamili, inapanda moja kwa moja, inapita karibu na utosi, inashuka magharibi. Ikiwa nyuzi 45 juu, picha inazunguka chini ya nyuzi 2 kwa saa. Linganisha na Carina, ambayo hata ikifika juu kabisa kwetu ni nyuzi 34 upande wa kusini: hapo picha inazunguka nyuzi 18 kwa saa. Kwa Orioni unaweza kupiga fremu za sekunde 20 bila wasiwasi. Kwa Carina baki na sekunde 10, la sivyo nyota za pembeni zinakuwa matao, na ukubali kwamba pembe za picha utazikata mwishoni.

Tatizo la Orioni ni utosini. Darubini ya aina hii ikikaribia utosi inalazimika kugeuka nusu duara kwa muda mfupi, na nyota zinavutika. Katikati ya Januari M42 iko utosini kama saa nne na dakika 20 usiku. Piga kuanzia saa mbili hadi saa nne kasorobo, pumzika au hamia kwenye kitu kingine, kisha urudi baada ya saa tano ikiwa magharibi.

Machi, mvua zikichelewa, Carina iko juu kama saa tano na nusu usiku. Juni ni ya Omega Centauri, rundo la nyota linalong'aa kiasi kwamba hata paa la nyumba Kisauni linatosha. Agosti tafuta nebula ya M8, ukiianza mapema ingali mashariki. Novemba ni ya Andromeda, ambayo ni pana kuliko fremu, kwa hiyo tumia mozaiki, yaani vipande kadhaa vilivyounganishwa. Kilimia vivyo hivyo ikifika Januari.

Hatua ya 6: Piga

Filta ya mwanga wa mji iwashe kwa Orioni, Carina na M8, kwa sababu gesi ya nebula inatoa rangi chache maalumu na filta inaziruhusu hizo tu. Kwa galaksi na marundo ya nyota izime. Nyota zinatoa rangi zote na filta itazinyima sehemu kubwa ya mwanga wao.

Kelele ya picha, zile chembechembe zinazoichafua, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: fremu 100 zinaipunguza mara 10, fremu 400 mara 20. Saa moja ya sekunde 10 ni fremu 360, karibu gigabaiti 1.5. Lenga saa mbili kwa kitu kimoja kabla ya kufikiria kingine.

Hatua ya 7: Rundika na usafishe

Pakua Siril, programu ya kurundika picha, haina malipo. Weka fremu zako za FITS (faili ghafi za darubini) kwenye folda iitwayo lights, elekeza Siril kwenye folda iliyoibeba hiyo, kisha endesha skripti ya Seestar. Itapanga nyota ya kila fremu juu ya nyota ya fremu nyingine na kurundika.

Matokeo yataonekana meusi tii. Picha imo, haijanyooshwa tu, yaani sehemu zake hafifu hazijaangazwa. Ondoa kwanza mwanga wa usuli, kwa Siril yenyewe au kwa programu ya GraXpert. Huku kwetu mteremko wa mwanga hutokea upande wa mji, na ukiuacha utakusumbua hadi mwisho. Baada ya hapo sawazisha rangi kwa kulinganisha na katalogi ya nyota ya Gaia. Mpangilio huo usiugeuze.

Ndipo unyooshe, kidogo kidogo. Kwenye M42 tazama moyo wake, nyota nne za Trapezium: zikianza kuzama kwenye weupe umezidisha, rudi hatua moja. Usuli usiufanye mweusi kabisa, acha kijivu cha mbali, kwa sababu mabawa ya nebula yamo humo.

Hifadhi TIFF ya biti 16 kwa ajili yako na JPEG ya kuwapa watu. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha, la sivyo itabanwa na vumbi laini la nebula litageuka madoa. Fremu zote za FITS zihifadhi kwenye diski ya nje: mwezi ujao giza likirudi, piga kitu kilekile tena na uzirundike zote pamoja.