Namna ya kuanza kula vyakula vya kilimo hai bila kutoboa mfuko

Watu wengi wakisikia vyakula vya ogani, yaani vya kilimo hai, wanawaza mambo mawili tu, bei kubwa na vitamini nyingi. Bei ni kweli mara nyingi iko juu. Hilo la vitamini ndo linalopoteza wengi, na nataka nianzie hapo kabla sijakwambia ununue nini, sababu ukiingia na matumaini yasiyo sahihi utaacha baada ya wiki mbili alafu utasema umeibiwa.

Kilimo hai ni kilimo kisichotumia mbolea za chumvichumvi wala dawa za wadudu na magugu zilizotengenezwa kiwandani, mbegu zilizobadilishwa vinasaba hazikubaliki, na mifugo haipewi homoni wala antibayotiki za kuikuza haraka. Mkulima analisha udongo kwanza, yaani samadi, mboji, mazao ya jamii ya mikunde, na anabadilisha zao shambani kila msimu ili wadudu na magonjwa yasizoee pale. Lakini haimaanishi shamba halipigwi dawa kabisa, kuna dawa zinaruhusiwa kama za mwarobaini, za pareto, za bakteria anaitwa Bacillus thuringiensis, hata za shaba kwa ajili ya ukungu (na shaba ikitumika miaka mingi inajikusanya kwenye udongo, hilo nalo tatizo). Kwahiyo mtu akikwambia ogani maana yake hakuna dawa hata tone, ujue hajui anachouza.

Sasa faida kwa mwili. Mwaka 2014 jarida la British Journal of Nutrition lilitoa uchambuzi uliokusanya machapisho 343, ukaonyesha mazao ya kawaida yana uwezekano kama mara 4 zaidi wa kukutwa na mabaki ya viuatilifu (dawa za wadudu, magugu na ukungu) kuliko ya ogani, na ya ogani yana kadimi pungufu kwa karibu nusu, kadimi ni ile metali nzito inayoumiza figo. Pia ya ogani yalikuwa na antioksidanti nyingi zaidi, yaani kemikali za mimea zinazolinda seli zisiharibiwe. Ila uchambuzi mwingine wa 2012 wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, haukuona tofauti ya maana kwenye vitamini. Mi naona hoja nzito ni ya mabaki ya dawa, na utafiti unaonigusa kuliko yote ni mdogo tu, wa 2006 kule Marekani, watoto 23 waliobadilishiwa chakula kwa siku 5, wakala vya ogani badala ya vile walivyozoea, na alama za viuatilifu viwili kwenye mkojo wao zikashuka mara moja hadi hazionekani kwenye vipimo, waliporudi kula kama zamani zikarudi. Siku 5 tu! Hapo unaelewa kwamba kinachoingia mdomoni leo ndo kinachopita mwilini kesho.

Kuhusu kansa kuna utafiti wa Ufaransa wa 2018 uliofuatilia watu karibu 69,000, waliokula ogani sana walipata kansa pungufu kwa kama asilimia 25, lakini watu hao pia ndo wanaofanya mazoezi, wana kipato kizuri na wanakula mboga nyingi, watafiti walijaribu kuliondoa hilo kwenye hesabu ila huwezi kulimaliza lote. Kwahiyo usimwambie mgonjwa kwamba ogani inatibu kansa, tafadhali.

Upande wa mazingira ndo mimi nilikobadilika kabisa. Mbolea ya naitrojeni ya kiwandani inatengenezwa kwa joto kubwa na gesi asilia nyingi, ikifika shambani mmea hauichukui yote, inayobaki sehemu inageuzwa na vijidudu vya udongo kuwa gesi ya nitrasi oksaidi ambayo inapasha dunia joto zaidi ya mara 270 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, na sehemu nyingine inasombwa na mvua kwenda mtoni, mwani unafumuka, unakufa, unaoza, oksijeni inaisha majini na samaki wanakosa hewa. Mdomoni mwa mto Mississippi kule Marekani hali hiyo inajirudia kila kiangazi, eneo kubwa la bahari linabaki halina uhai. Samadi nayo ikimwagwa ovyo inasombwa vilevile, lakini udongo wenye mboji nyingi unashika maji na virutubisho vizuri zaidi. Alafu kwenye mashamba ya kilimo hai aina za viumbe huwa nyingi kwa wastani wa asilimia 30 hivi, nyuki, vipepeo, ndege, magugu yenye maua. Na kuna mtu ambaye husahaulika, yule anayebeba bomba mgongoni akipuliza dawa asubuhi hadi jioni, mara nyingi bila glavu wala kinga ya pua. Mabaki yanayokufikia wewe ni chembe ukilinganisha na anayovuta yeye.

Kasoro ipo pia, mavuno ya ogani huwa madogo kuliko ya kawaida, yanapungua kwa kati ya asilimia 5 na 34 kutegemea zao na hali ya shamba, kwahiyo chakula hiki ukikitupa jalalani umetupa ardhi na jasho jingi zaidi.

Haya, unaanzaje. Usibadilishe jiko lote siku moja, hautaweza. Wiki ya kwanza andika tu kila unachokula nyumbani, bila kubadilisha chochote. Mwisho wa wiki utaona vitu vitano sita vinajirudia kila siku na hivo ndo vya kushughulika navyo, hakuna maana kununua asali ya ogani unayoilamba mara moja kwa mwezi wakati mboga unayokula kila siku imeogeshwa dawa.

Kwenye hiyo orodha yako tanguliza vile vinavyoliwa na ganda lake au vyenye ganda laini, spinachi na mboga zingine za majani, stroberi, tufaha, zabibu, pilipili hoho. Vyenye ganda nene unalolitupa kama parachichi, nanasi na kitunguu viache mwisho kabisa, kwenye vipimo huwa vinakutwa na mabaki kidogo sana. Kama nyumbani kuna mjamzito au watoto wadogo anza na sahani zao, miili inayojengeka ndo inaathirika zaidi. Baada ya mboga nenda kwenye maziwa na mayai. Maziwa ya ogani yana omega-3 (mafuta mazuri kwa moyo) zaidi kwa kama asilimia 50, sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wanakula majani mengi, na kutotumia antibayotiki kiholela kunapunguza usugu wa dawa, yaani bakteria kuzoea antibayotiki zisiwaue tena, ambao unatugusa sote hata wasiokunywa maziwa.

Kwenye kununua, soma lebo. Maneno kama "asilia", "fresh", "kutoka shambani" hayathibitishi kitu, yeyote anaweza kuyaandika. Tafuta alama ya mthibitishaji na jina au namba yake. Marekani bidhaa ikiandikwa ogani lazima asilimia 95 ya viambato iwe ya ogani, ikiandikwa "imetengenezwa kwa viambato vya ogani" ni angalau 70, na shamba lazima liwe limekaa miaka 3 bila dawa zilizokatazwa. Umoja wa Ulaya wana jani la kijani lililochorwa kwa nyota, nao wanataka 95. Na biskuti ya ogani ni biskuti tu, sukari yake inafanya kazi ileile.

Wakulima wengi wadogo hawana cheti kwa vile kinagharimu, haimaanishi wanadanganya. Muulize maswali ya kazi, sio "hii ni ogani?" maana kila mtu atajibu ndiyo. Muulize vidukari unawaondoaje, msimu uliopita hapa ulipanda nini, magugu unayafanyaje, mbolea unaitoa wapi. Anayelima kweli ataongea mpaka umchoke, anayebabaisha atakatisha. Sehemu nyingine wakulima na walaji wanakaguana wenyewe kwa mfumo shirikishi, ukikuta kikundi cha hivo jiunge, utaruhusiwa hata kutembelea shamba.

Kama hela haitoshi, nunua vya msimu, nunua nafaka na maharage kwa wingi mkiwa watu kadhaa mgawane. Na hili naomba ulishike sana, usipunguze mboga na matunda eti kwa sababu umekosa ya ogani. Kula ya kawaida, osha vizuri. Utafiti wa 2017 uliofanywa kwa matufaha ulionyesha maji yenye bekingi soda yanaondoa dawa ya juu ya ganda zaidi kuliko maji matupu, changanya gramu 10 hivi kwa lita moja, loweka dakika 12 hadi 15 kisha suuza. Dawa iliyoingia ndani ya nyama ya tunda haitoki, na sabuni usitumie. Hata ya ogani osha, samadi inaweza kubeba bakteria.

Mwisho kuhifadhi, sababu nafaka na maharage ya ogani hayajawekwa dawa ya ghala na mayai ya wadudu yanaweza kuwemo. Ukifika nyumbani funga kwenye mifuko, weka kwenye friza siku 4, ukitoa acha mfuko ukiwa umefungwa hadi urudi joto la kawaida ili unyevu usiingie, ndo umimine kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana.