Namna ya Kuchukua Majimaji ya Ufizi kwa Ajili ya Kupima Viashiria vya Ugonjwa

Kijiti cha kupimia kina cha mfuko wa ufizi, yaani upenyo ulio kati ya jino na ufizi, pamoja na picha ya eksirei, humwonyesha daktari uharibifu uliokwisha kutokea, ilhali majimaji yanayochuruzika kati ya jino na ufizi hudokeza yanayoendelea sasa. Ndani yake zimo protini kama intaleukini-1 beta, inayochochea uvimbe na kuliwa kwa mfupa, na kimeng'enya MMP-8, ambacho hutolewa kwa wingi na seli nyeupe za damu na hukatakata kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazolishikilia jino.

Chagua jino na upande wake, uandike, wala usipime kina kwanza, kwa sababu kijiti hutoa damu, na damu huja na protini zake. Nilipoanza kazi hii nilipima kina kwanza kwa mazoea, nikaishia kutupa karatasi zote za mgonjwa yule.

Zungushia jino pamba ili mate yasifike, ondoa ukoga ulio juu ya ufizi bila kuugusa ukingo wake, kisha ukaushe kwa hewa ya upole.

Shika ukanda wa karatasi ya kufyonza kwa kibano, uuteremshe taratibu mpaka uhisi ukinzani mdogo, uuache hapo kwa sekunde 30. Usiulazimishe, kwani ufizi uliokwaruzwa huongeza majimaji. Ukiutoa, utazame kwenye mwanga: ncha iliyolowa bila rangi inafaa, lakini yenye wekundu, hata ukiwa doa la kichwa cha sindano, itupwe.

Pima ujazo papo hapo, maana mara nyingi haufiki mikrolita 1 na hukauka upesi. Kifaa cha kupimia kiwe kimekwisha kusawazishwa kwa ujazo unaojulikana. Halafu karatasi iingie kwenye kichupa chenye kifuniko, iwekwe kwenye barafu, na ihifadhiwe katika nyuzi 80 chini ya sifuri hadi siku ya kipimo cha ELISA, yaani kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili kupima kiasi cha protini.

Kosa kubwa zaidi hutokea wakati wa kusoma majibu. Tuseme mfuko wa kwanza umetoa mikrolita 0.2 zenye nanogramu 10 za MMP-8, na wa pili mikrolita 1 yenye nanogramu 30. Ukitazama ukolezi, yaani nanogramu kwa kila mikrolita, wa kwanza una 50 na wa pili 30, kana kwamba wa pili una nafuu. Kumbe ufizi uliovimba umemwaga majimaji mengi yaliyoizimua protini, na jumla yake kwa sekunde 30 ni mara tatu. Kwa hiyo mimi huripoti jumla kwanza, na ukolezi kando yake.

MMP-8 hupanda pia katika uvimbe wa ufizi ambao haujagusa mfupa, hivyo jibu moja lisitumike peke yake kumwambia mgonjwa kwamba mfupa unaliwa. Lisome pamoja na kina cha mfuko, kutoka damu kwa ufizi na eksirei, kisha, baada ya kusafisha ugaga ulio chini ya ufizi, urudie sampuli kwenye jino lilelile, upande uleule, kwa sekunde zilezile 30.