Tembo wa Tabora: ikague kabla hujatoa pesa

Mtanzania anayetaka kukusanya dhahabu ya kale, mimi humwambia aanzie Tabora. Sarafu ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo na mlima nyuma yake, ilipigwa humu humu nchini kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Mjerumani aliyetutawala alikuwa ameelemewa: manowari za Waingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka Ulaya hazifiki. Zikapigwa 16,198 tu, na Septemba ya mwaka huo Wabelgiji wakaiteka Tabora.

Za bandia zipo, tena nzuri machoni. Kwa hiyo sinunui kwa picha ya simu. Muuzaji namwomba tuongozane hadi Kariakoo, kwa sonara ninayemwamini. "Shikamoo mzee, naomba mizani." Iwe inayosoma mpaka gramu 0.01. Sarafu halisi ina gramu 7.17 hivi, na upana wa milimita 22.

Usiridhike hapo. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, ushike uzi, uizamishe yote bila kugusa kitako cha glasi wala ubavu. Tulia mkono, namba zikae. Dhahabu ya rupia hii ni asilimia 75, kwa hiyo mizani isome kama gramu 0.46, yaani uzito wa maji yanayosukumwa na sarafu. Ikisoma 0.8 hiyo ni shaba iliyopakwa, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Kipimo hiki nakiamini kuliko jicho la mtu yeyote, langu likiwemo.

Halafu izungushe ukingo wake chini ya lenzi. Nyingine ziliwahi kuwa vidani. Pale kwenye kichwa cha tembo au mkabala wake utaona doa la kuchomelea, au pamesuguliwa kulificha. Hiyo ni dhahabu kweli, lakini usiilipie bei ya sarafu nzima.

Sonara akitaka kukung'arishia, mzuie mapema: "Mzee wangu, tafadhali iache hivyo hivyo." Ikisuguliwa, mistari myembamba ya ngozi ya tembo inalika na hairudi. Ishike kwa ukingo, siyo usoni.

Mfuko ukiwa bado mwepesi, tafuta heller 20, sarafu ndogo ya Mjerumani, ya Tabora ya mwaka huo huo wa 1916. Siyo dhahabu, ila ina herufi T, alama ya Tabora, kama ile iliyo kwenye rupia 15, na ni nzuri kwa kuzoeza jicho.