Mipaka ya Shamba Ina Majina: Kutafuta Ukoo kwa Hati za Ardhi za Pwani

Kazi yangu ilikuwa ukarani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, upande wa hati za ardhi. Wateja walikuja kutafuta ploti, mimi nikawa nasoma majina. Hati moja ya shamba la minazi la Kisauni inaweza kukupa muuzaji na baba yake na babu yake, mnunuzi vivyo hivyo, majirani wa pande nne, mashahidi, na kadhi aliyeandika. Ndiyo maana tangu nistaafu, vijana wa ukoo na wa mtaani wananijia: "Bi mkubwa, nataka kuandika shajara ya nasaba yetu, nianzie wapi?" Jibu langu ni la watu wa Pwani ya Kenya, kwa kuwa hizo ndizo karatasi nilizozishika.

Kabla ya yote, amua unatafuta wazee au unatafuta shamba. Ukimwendea mjomba na daftari mkononi ukamuuliza "lile shamba la Mtwapa lilikuwa la nani?", jioni hiyo hiyo simu zitapigwa mpaka Maskati, na hakuna atakayekufungulia mlango tena. Uliza majina: nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi, nani kazikwa wapi. Kisha omba kuona karatasi za zamani zilizomo kabatini, risiti za kodi, barua za wakili, hati ya mirathi, hata iliyoliwa na mchwa. Unachokiwinda humo ni namba.

Namba na mahali pake

Ploti za kisiwani Mombasa zinatajwa kwa bloku, na bloku zina tarakimu za Kirumi. Za ng'ambo zina herufi: MN ni bara ya kaskazini, Kisauni na Nyali kwenda juu, MS ni bara ya kusini, Likoni na kuendelea. Herufi hizo huja pamoja na namba ya ploti na ya sehemu. Ukiona CR na namba mbele yake, hiyo ni namba ya usajili wa hati yenyewe. Andika zote, hata zile ambazo huzielewi.

Ukishapata namba, nenda kwa msajili wa ardhi ukafanye sachi. Lakini jua kuwa sachi ya kawaida hukupa mwenye hati wa leo na vizuizi vilivyowekwa, basi. Mtafuta ukoo anataka kurasa za nyuma. Omba nakala iliyothibitishwa ya daftari la ploti hiyo tangu lilipofunguliwa, na uulize hati za mauzo, rehani na mirathi zilizowekwa katika faili lake. Ukibabaishwa, tumia wakili wa ukoo. Wale wanaokungoja nje ya geti wakisema wanajua faili liliko, wapite.

Kwa nini mwaka 1908

Ukanda huu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliuendesha kwa mkataba wa mwaka 1895. Walowezi walipoanza kutaka mashamba, serikali ikataka kujua ardhi ipi ina mwenyewe na ipi haina. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani. Kila mwenye dai alitakiwa alipeleke ndani ya muda uliotangazwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Wengi hawakusikia tangazo, wengine walilisikia wakalidharau, kwani shamba la babu linahitaji karatasi ya nani? Uskwota wa Pwani tunaouona leo una mizizi yake hapo.

Ila dhuluma ile iliacha karatasi. Aliyepeleka dai alieleza ardhi ameipataje: amerithi kwa nani, amenunua kwa nani, amepewa hiba na nani. Palipokuwa na mgogoro, wazee waliletwa kutoa ushahidi, na mzee wa mwaka 1912 akieleza alivyorithi shamba la babu yake anakurudisha nyuma miaka mia moja kwa dakika chache. Kabla ya hapo yako madaftari ya hati yaliyoanza kuandikwa Mombasa katika miaka ya 1890, yenye mauzo na rehani za watu wa kila aina, Waswahili wa Mombasa wa Thenashara Taifa, Waarabu, Wahindi, Wamijikenda, na wanawake wengi kuliko unavyodhani.

Kuisoma hati

Hati za kadhi ziliandikwa kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mara nyingi zikiwa na tafsiri ya Kiingereza ya karani wa wakati huo. Mtafute mwalimu wa chuo cha Kurani akusomee ile ya asili, kwa sababu tafsiri hukata majina. Palipoandikwa Fulani bin Fulani bin Fulani wa taifa fulani, karani wa Kiingereza aliridhika na mawili.

Mipaka ndiyo sehemu watu huiruka, nami ndiyo ninayoanza nayo. Kibla ni kaskazini, suheli ni kusini, matlai ni mashariki, na magharibi ni magharibi. Kila upande una jina la jirani, na jirani wa shamba lililogawiwa kwa mirathi aghalabu ni ndugu. Katika hati moja ya upande wa mama yangu, shamba la Jomvu, mpaka wa magharibi ni shamba la mwanamke ambaye jina la baba yake na la babu yake ni yale yale ya muuzaji. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumtaja dada huyo. Nilipomuuliza mama mdogo, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ah, yule aliyeolewa Lamu." Tawi zima likafunguka.

Tazama pia sehemu zinazouzwa. Mtu huuza fungu lake la urithi, na fungu hilo linakuambia walikuwa wangapi. Tuseme hati inasema anauza sehemu 6 katika 24 za shamba la marehemu baba yake. Mjane mwenye watoto anapata thumni, yaani 3 katika 24. Zinabaki 21, na mwana wa kiume anapata mara mbili ya binti. Ikiwa muuzaji mwanamume kapata 6, basi binti kapata 3, na ukigawa 21 kwa 3 unapata mafungu saba. Wanawe ama ni wavulana wawili na mabinti watatu, ama mvulana mmoja na mabinti watano, ama wavulana watatu na binti mmoja. Hesabu hii inasimama ikiwa marehemu hakuacha wazazi hai, maana nao wana sudusi zao, yaani 4 katika 24 kila mmoja. Na wake wakiwa wawili wanagawana ile thumni moja. Ukishapata mipaka miwili mitatu yenye majina ya ndugu, utajua ni lipi kati ya matatu. Hisabu za mirathi tulizokaririshwa chuoni hazijawahi kunifaa kama hapa.

Tarehe za Hijria usizikisie. Zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622, utakuwa karibu: 1326 ni mwaka 1908. Hati isiyo na tarehe itazame bei. Ikiwa ni kwa rupia, huenda iko kabla ya mwaka 1920, kwa sababu hapo rupia iliondolewa na mara baadaye tukaingia kwenye shilingi. Na majina yatafute kwa kila sura: Swaleh, Saleh, Sualehe, Mohamed, Mahomed, Muhamad. Karani aliandika alivyosikia.

Wasiokuwa na ardhi

Utakuta jina halina baba. Badala ya "bin" pameandikwa huru wa fulani, au neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo. Huyu ni mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Hali ya utumwa haikutambuliwa tena kisheria hapa tangu mwaka 1907, lakini maandishi hayo yaliendelea baada ya hapo. Vijana wakilifikia jina la namna hii hutaka kugeuza ukurasa, au mzee mmoja huwashauri waandike jina la bwana kana kwamba ni baba. Msifanye hivyo. Mwandikeni kama alivyo, kisha fuateni karatasi za ukoo wa bwana wake. Katika sheria ya Kiislamu, aliyemwacha mtu huru, au warithi wake, wana haki ya kumrithi mtu huyo asipoacha warithi wa damu, kwa hiyo jina lake huibuka tena kwenye mafaili ya mirathi ya kadhi. Wenye wazee wa Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875, wao waanze na vitabu vya ubatizo, kisha ndiyo ardhi.

Usidhani pia kuwa asiyekuwa kwenye hati hakuishi pale. Mombasa nyumba ina mwenyewe na kiwanja kina mwingine. Mtaa wa Majengo watu wamezaliwa, wamezeeka na kufa katika nyumba zao wakilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Minazi nayo huweza kuwa ya mtu mmoja na udongo wa mwingine. Sheria ya 1908 ilikuwa na cheti cha mwenye ardhi na cheti kingine cha mwenye haki ndani ya ardhi ya mtu. Uliza vyote viwili. Na kama wazee waliweka wakfu, faili liko kwa Tume ya Wakfu. Hati ya wakfu huorodhesha watakaofaidika kizazi kwa kizazi.

Kwa wenzetu wa Kwale na Kilifi ambao ardhi yao ilikuwa ndani ya "riziv", yaani ardhi iliyotengewa wenyeji, hati zao zilikuja baada ya sheria ya mwaka 1968 ya kuhakiki ardhi. Orodha ya wenye ploti ni kavu. Ulizia mafaili ya pingamizi, hasa rufani zilizopelekwa kwa Waziri na kusikilizwa na DC, mkuu wa wilaya. Humo mtu aliapa, akataja babu yake alihama kaya gani, yaani kijiji kipi cha asili cha Wamijikenda, alifyeka wapi, alimkaribisha nani. Ni maneno ya watu wanaogombana, kwa hiyo soma pande zote mbili.

Bila kutoka nyumbani

Gazeti rasmi la serikali, tangu enzi za Waingereza, limepigwa picha na sehemu kubwa iko bure katika Google Books. Tangazo la mirathi hutaja marehemu, mahali na siku aliyofariki, na wanaoomba usimamizi wa mali pamoja na uhusiano wao naye. Matangazo ya hati zilizopotea hutoa namba za ploti. Hukumu za kesi za ardhi ziko katika tovuti ya Kenya Law, na kesi ya shamba la ukoo haikosi shajara ndani yake.

Ukifika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, utajiandikisha kama msomaji. Katika mafaili ya zamani usitafute "Pwani" peke yake. Mkoa huu uliitwa Seyidie, na upande wa Lamu na Tana uliitwa Tanaland. Ukoo ukiwa na mguu Unguja, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani wana madaftari ya hati za mauzo na rehani yaliyotangulia ya kwetu.

Kila jina unaloandika, liandikie kando yake limetoka wapi: namba ya faili, ukurasa, tarehe. Jina lililotoka kwenye hati lipe wino wa rangi moja, lililotoka kinywani mwa mtu rangi nyingine, na la kukisia liandike kwa penseli. Daftari lipigeni chapa nakala mbili, na moja ikae nyumba nyingine.